Kaburi la Msimu wa Palizi

Haya nimemwandikia mtu aliyeketi sasa hivi kwenye benchi la hospitali akiwa na bahasha ya majibu mapajani, na hataki kuifungua. Ifungue. Kisha kaa hapo hapo unisome, kwa sababu foleni yenyewe haitasonga kabla ya saa sita, naijua vizuri. Mambo ya chembe za saratani na jinsi dawa zinavyofanya kazi mwulize daktari. Mimi nitakueleza yale ambayo daktari hana nafasi ya kukueleza: jinsi nilivyopoteza titi la kushoto, nywele, ng'ombe mmoja na imani yangu kwa watu, na jinsi nilivyorudishiwa viwili kati ya hivyo vinne.

Naitwa Mama Nekesa. Ni mjane, mkulima wa Kamukuywa, na nina mdomo. Watu wa kwetu watakuambia hivyo kabla hujawauliza. Kwa miaka kumi na miwili niliongoza kikundi cha akina mama saba wa kanisa letu ambao kila Alhamisi hubeba majembe wakaenda kwenye shamba la mgonjwa. Hatuhubiri. Magugu hayangoji mtu apone, kwa hiyo tunapalilia, tunateka maji, tunafua nguo, tunarudi makwetu. Niliamini kwamba wema wa namna hiyo ukifanywa muda mrefu unawekwa mahali, siku yako ikifika unaukuta. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Mimi nilikuwa natenda, lakini nikienda naangalia nyuma.

Uvimbe niliugusa nikioga, mwezi wa pili, wakati watu wanatayarisha mashamba kungojea mvua. Ulikuwa mdogo kama punje ya hindi na haukuuma. Nilinyamaza wiki sita nzima. Nilikuwa na mbegu ya kupanda, na nilikuwa na aibu ya kuvua blauzi mbele ya kijana mwenye koti jeupe anayeweza kuwa mwanangu. Nakuomba usifanye kama mimi. Yule kijana nilipomwendea hatimaye alinipima akiangalia ukutani kwa heshima, na mikono yake ilikuwa baridi, akaniomba radhi kwa baridi hiyo.

Nilihamia Kitale, mtaa wa Tuwan, kwa binti yangu Nekesa. Yeye hushona nguo kwenye varanda ya duka la vitambaa la familia moja ya Kisingasinga mjini. Chumba chake ni kimoja, nami nilipewa kitanda, yeye mwenyewe akalala chini. Tuligombana karibu kila siku. Alitaka nile, nilitaka kuachwa. Alitaka nilie, nilitaka kusikiliza bei ya mahindi redioni. Siku moja alitupa sahani kwenye karai na kusema ni heri angeugua yeye, angalau angekuwa mgonjwa mwenye adabu. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Hospitalini tulikuwa tukifika saa kumi na moja alfajiri. Karani wa bima alikuwa akifungua dirisha lake saa mbili na kututangazia kwamba mfumo umelala. Kuna siku mfumo ulilala hadi saa tisa alasiri, na sisi wagonjwa tuko macho. Hapo ndipo nilipojifunza kubeba leso ya kukalia, maji, na kitu kigumu cha kutafuna. Nilijifunza pia kwamba watu wa foleni huulizana dini, ukoo na kijiji kabla ya kuulizana ugonjwa.

Walinikata titi mwezi wa tano. Mvua ilikuwa imenoga, mahindi yalikuwa yamefika magotini, na kila mtu Kamukuywa alikuwa kwenye palizi ya kwanza. Siku ya nne daktari alisema kidonda kinaendelea vyema, wakanihamishia wadi ya watu walio karibu kwenda nyumbani. Nekesa alikuwa langoni akimsaidia mzee mmoja kushuka kwenye kiti cha magurudumu, na alipoinuka simu yake haikuwa mfukoni. Yangu ilikuwa imeisha moto tangu jana yake. Basi tukakaa siku mbili bila simu, na hatukuona ubaya wowote.

Siku hiyo hiyo Beatrice alikuja kunitazama. Beatrice ni mwenzangu wa kikundi, mwanamke mwenye moyo mwepesi na miguu myepesi zaidi. Alibeba mchuzi wa kuku kutoka Kamukuywa, akaingia wadi ya kwanza, akakuta kitanda changu kitupu na godoro limekunjwa. Alimwuliza mgonjwa wa kitanda cha pili niko wapi. Yule mama alikuwa na maumivu yake, akajifunika shuka usoni. Beatrice hakumtafuta muuguzi. Aliuacha mchuzi mezani na kurudi nyumbani akilia njia nzima.

Hapa inabidi nieleze jambo la kwetu. Maiti akiwa hajazikwa, jembe haliingii shambani. Kijiji kizima huweka majembe chini, wakubwa kwa wadogo, hadi mwenda zake alale. Ni heshima, nami nimeifuata maisha yangu yote. Lakini palizi ya kwanza ikicheleweshwa wiki moja katika mvua ile, umeshakosa nusu ya mavuno. Kwa hiyo watu waliponiombolezea walikuwa na huzuni ya kweli na haraka ya kweli, na nadhani haraka ilikuwa kubwa kidogo. Wafula, mulamwa wangu, yaani mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye aliyeshika usukani. Aliamua nizikwe Ijumaa.

Mimi niliruhusiwa kutoka Alhamisi. Mama mwenye duka anakoshona Nekesa alitupa gari lake la mizigo na dereva, na akatufungia chapati na dengu kwenye kitambaa. Nilimwambia dereva apitie Kamukuywa kwanza, nione mahindi yangu kabla ya kurudi Tuwan. Tulipokaribia nikaona turubai, viti vya plastiki na moshi. Nikamwuliza Nekesa ni nani amekufa huku kwetu.

Wa kwanza kuniona alikuwa Beatrice mwenyewe, amebeba sufuria. Aliketi chini na sufuria yake, tena polepole, akaiweka mapajani. Wimbo ulikatika katikati. Wanaume watatu wazima waliruka ua, na mmoja wao ni mzee wa kanisa. Nilicheka nikiwa nimeshika kidonda kwa mikono miwili, kwa sababu nyuzi zilikuwa zinavuta, na bado sikuweza kuacha. Nikaambiwa baadaye kwamba saa ile ile wazee wawili walikuwa Kitale wakimgombeza mhudumu wa mochari, wakidai amewafichia maiti yangu.

Kisha nikaona kaburi. Lilikuwa kando ya mume wangu, limechongwa vizuri, udongo mwekundu umepangwa upande mmoja. Na kwenye ua nikaona ngozi imetandazwa, yenye madoa niliyoyajua. Ng'ombe wangu wa maziwa, niliyemnunua Endebess akiwa mtamba na kumlea kwa mikono yangu, alikuwa ameliwa na waombolezaji tangu jana. Hapo nikaacha kucheka.

Wafula alikuja akiwa ameshika kofia. Hakuniangalia usoni.

"Mulamwa, si ni Beatrice alisema? Kitanda ilikuwa tupu. Na mvua hii yote, watu wangepalilia lini? Tulisema tumarize mapema."

Nilimwuliza ni nani aliyeuona mwili wangu. Wazee ndio waliojibu, na jibu lao lilikuwa la jambo jingine. Walisema kaburi likishachimbwa haliwezi kufukiwa hivi hivi, litamdai mtu. Kwa mila, inabidi ukatwe mgomba, uvikwe nguo yangu, uitwe jina langu, uzikwe humo. Waliniomba nitoe nguo.

Nataka uelewe hali niliyokuwa nayo. Nina mrija bado unatoka kwapani, nina jeraha kutoka kifuani hadi mgongoni karibu, na watu ninaowajua tangu ujana wananiomba gauni la kunizikia. Niliwaambia sitajizika. Kama kaburi linataka mgomba litapewa, lakini mgomba wenye mizizi. Nilimtuma dereva achimbue machipukizi matatu nyuma ya jikoni, tukajaza shimo samadi hadi nusu. Samadi ilikuwepo tele. Mwenye kuitoa ndiye hakuwepo. Tukapanda migomba hai mle ndani, wazee wakinung'unika, nami nimekaa kwenye kiti cha waombolezaji naelekeza. Mzee mmoja alisema hajawahi kuonekana mwanamke wa namna hii. Nikamjibu kwamba basi ameonekana.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Yalianza hapo. Watu waliogopa shamba la mtu aliyeliliwa akiwa hai. Kikundi changu mwenyewe, akina mama niliowafundisha kushika zamu, hawakukanyaga kwangu hata Alhamisi moja. Nekesa alikwenda peke yake Jumapili mbili na kupalilia alichoweza. Mahindi yangu yaligeuka manjano katikati ya mashamba ya kijani, na kila apitaye njiani aliyaona. Nilituma ujumbe kwamba nimeacha uongozi na nimeacha kikundi. Nilimwambia Nekesa kwamba wema umenishinda, waufanye wengine. Redioni ilikuwa vita huku, vijana kupigwa barabarani kule, na mtu aliyemwibia binti yangu simu alimwibia akimsaidia mzee. Nikaona dunia imeshatoa uamuzi wake na mimi ni nani wa kuupinga.

Kemo, ile dawa kali ya saratani ya kutiwa mshipani, ilianza mwezi wa sita. Dozi sita, moja kila wiki tatu, hadi karibu na mavuno. Ya kwanza nilidhani nimeiweza, usiku wa pili nikajua sijaiweza. Kinywa kilikuwa na ladha ya msumari. Nyama ilinuka, chai ilinuka, sabuni ilinuka. Kitu pekee kilichoshuka kooni ni mrenda, ile mboga ya majani, kwa sababu unateleza wenyewe, na Nekesa aliutafuta sokoni kila asubuhi kabla ya kwenda kushona. Baada ya dozi ya pili nywele zilibaki kwenye mto. Baada ya tatu kucha zikawa nyeusi na vidole vya miguu vikafa ganzi. Mkono wa kushoto ukavimba, na daktari akanikataza jembe. Hilo la jembe ndilo lililoniliza. Titi nililitoa bila chozi.

Kwenye benchi la kemo nilikutana na Mama Chemutai, mama wa makamo kutoka Endebess, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alikuwa akija na chupa ya uji na vikombe viwili. Kimoja chake. Cha pili alimpa yeyote aliyekaa karibu naye, kisha akakisuuza na kumpa anayefuata, mpaka uji umalizike. Mara ya kwanza nilikataa. Mara ya pili nilikunywa, na nikamwuliza kwa ukali kwa nini anajisumbua, kwani hao watu anawajua? Mmoja wao mara iliyopita alimpita kwenye foleni huku anamwona.

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini anakama ng'ombe asubuhi. Akasema, "Aki mama, si nitazeeka nikingoja watu wawe wazuri kwanza? Uji nayo itapoa."

Nilikasirika naye siku nzima. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimetengeneza hoja kubwa kichwani, ya wiki nyingi, na yeye ameipindua kwa kikombe.

Dozi ya nne, mfumo ulilala tena. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja wa mbali aliyelala langoni ili awahi. Karani alimwambia arudi kesho. Mzee hakubishana, alianza kukunja karatasi zake moja moja, na ule utii wake ulinichoma. Nilisimama. Nilikwenda dirishani, nikavua kilemba na kukiweka kwenye kaunta ya karani, nikiwa na kichwa kitupu mbele ya watu wote. Nikamwambia kwamba mfumo una haki ya kulala lakini yeye ana kalamu, aandike jina la mzee kwa mkono, na mfumo ukiamka ataujazia. Nyuma yangu mama mwingine akavua kilemba chake, tukawa vichwa viwili. Karani alikuwa msichana tu, na machozi yalimlengalenga. Aliandika. Aliandika mzee, akaandika na wengine wote waliokuwa kwenye foleni, na nadhani alikuwa akitafuta mtu wa kumpa ruhusa tangu asubuhi.

Nilirudi kuketi nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu mwezi wa pili. Nikagundua jambo kuhusu nafsi yangu nikiwa na miaka hamsini na mitatu. Kuna watu wema kwa sababu ya upole wao, kama Mama Chemutai. Mimi wema wangu hutoka kwenye hasira. Nikiona dunia imemkunja mtu, nataka kuikunjua kwa nguvu. Kwa miaka kumi na miwili nilidhani natenda ili nilipwe, kumbe nilikuwa nagombana. Na mgomvi haachi ugomvi kwa sababu amepigwa mara moja.

Dozi ya tano Mama Chemutai hakuja. Nilimpigia, hapatikani. Watu wa benchi wakaanza kutikisa vichwa na kusema maskini, alikuwa mtu mzuri. Niliwakataza. Niliwaambia mimi nimeonja kuliliwa na sitamlilia mtu kabla ya kuuliza, nikazunguka wadi kwa wadi na mtungi wa dripu mkononi hadi muuguzi mmoja akaniambia amepelekwa Eldoret kwa mionzi. Wiki mbili baadaye alipiga kwa namba ngeni. Alisema uji wa huko ni mwepesi.

Mavuno yangu yalikuwa magunia ya aibu, na Nekesa aliyaanika mwenyewe kwenye turubai. Nywele zilirudi mwezi wa kwanza, zimejikunja na zina mvi. Mwezi wa tatu daktari alisema tutaonana kila baada ya miezi mitatu. Nilirudi Kamukuywa kupanda, yaani kukaa kwenye kiti na kuelekeza wanaopanda.

Mwezi wa tano, palizi imeanza, Beatrice alikuja langoni na kuku hai kwapani. Mwaka mzima alikuwa amenikwepa. Kwetu mtu haendi kumwona mgonjwa mikono mitupu, na kuku huyu alikuwa amechelewa miezi kumi na miwili. Alisimama nje mpaka nilipomwambia aingie. Alilia, akaomba msamaha, nikampa, kwa sababu kosa lake lilikuwa la miguu tu. Kisha akanieleza habari. Wafula ana kisukari, amekatwa mguu chini ya goti. Mkewe anamuuguza usiku na mchana, watoto wako Nairobi, na shamba lake limemezwa na magugu. Ni zamu yake ya kupaliliwa, lakini akina mama wamekaa wakakubaliana.

"Tumesema hatuendi," Beatrice akasema. "Vile alikufanyia, ati sisi tumbebee jembe? Wacha magugu imfundishe. Lakini wewe ndiye mkubwa wetu. Ukisema twende, tutaenda."

Nakiri nilisikia utamu. Niliukalia ule utamu siku mbili. Nilipita njiani makusudi kuangalia shamba la Wafula, mahindi yake yamesongwa na yamegeuka manjano yale yale ya mwaka jana kwangu, na nilisimama hapo nikiyahesabu mahindi yaliyokufa kwa moyo mkunjufu. Halafu nikamwona mkewe upande wa pili, ameinama, anang'oa magugu kwa mkono mmoja huku mwingine ameshika kiuno, na baada ya mistari miwili anakimbia ndani kwa sababu ameitwa. Hasira yangu ikageuka na kuniangalia mimi. Kama dunia ilitaka kunifanya mtu wa kufurahia mahindi yanayokufa, ilikuwa imebakiza kidogo sana ishinde.

Nataka nikuambie ukweli, wewe wa kwenye benchi, usije ukafikiri nimekuwa malaika. Sikuwa nimemsamehe Wafula. Mpaka leo sijamsamehe vizuri. Nimegundua kwamba mikono inaweza kutangulia, na moyo ukaja nyuma ukichechemea. Usingoje moyo uwe tayari. Nenda na mikono.

Alhamisi tulifika na umande. Akina mama saba, sita wana majembe, mimi na mkono wangu mmoja wa kung'olea. Wafula alikuwa ameketi nje, leso imefunika goti, magongo kando. Alituhesabu kwa macho hadi akanifikia mimi. Alijaribu kusimama, akashindwa, akarudi kitini.

"Mulamwa," akasema, "mimi ndiye nirikuchimbia kaburi. Na ng'ombe yako nirikula."

"Najua. Mistari yako inaanzia wapi?"

Alinyanyua gongo kuelekea kona ya juu ya shamba, na midomo yake ikaanza kucheza. Akina mama wakapita. Mimi nilibaki nyuma kidogo kukaza kilemba, nikaona machozi yanamteremka.

"Usinililie, Wafula," nikamwambia. "Ulishanililia mwaka jana, imetosha."